Kitambaa Chini ya Antena

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Nafula alikung'uta vitambaa. Alikuwa mwanafunzi wa Gredi ya Saba, na nyumba yao kule Matete ilikuwa na vitambaa vingi kuliko watu. Mama yake, Roda, alivifuma kwa uzi na sindano ya kulabu, naye Nafula alikuwa amejifunza kazi hiyo mapema akaiweza vizuri. Kulikuwa na kitambaa juu ya kila kiti, kitambaa juu ya televisheni, na kingine juu ya mtungi wa maji, ingawa mtungi wenyewe haukuwahi kulalamika kwamba unasikia baridi. Kwao, kitu chochote cha thamani kilivishwa kitambaa. Hivyo ndivyo mtu alivyoonyesha kwamba anakijali.

Baba yake, Wanjala, aliendesha pikapu ya Philemon, mkandarasi aliyesafirisha miwa ya wakulima wa Kabras hadi kiwandani. Pikapu hiyo haikubeba miwa. Kazi yake ilikuwa kufuata trekta. Trekta la miwa huvuta trela mbili zilizojaa pomoni, na dereva akigeuza shingo haoni chochote ila ukuta wa miwa. Injini nayo hunguruma hata honi haisikiki. Basi Wanjala ndiye aliyekuwa macho ya dereva upande wa nyuma. Kwenye pikapu na kwenye trekta kulikuwa na redio ya CB, ile ya kubonyeza kitufe na kusema, mwenzako akakusikia papo hapo bila kutafuta namba wala kungojea mtandao.

Alichokiangalia zaidi Wanjala ni watoto. Trekta likipanda mlima polepole, watoto wa njiani walitoka mbio, wakaning'inia kwenye trela na kuchomoa miwa. Kila mzazi aliwakataza na kila mtoto aliitikia ndiyo, kisha kesho yake akaonekana barabarani akitafuna muwa. Wanjala akiwaona, aliita kwa redio, "Simama, kuna watoto!" Trekta lilisimama, watoto wakatawanyika, na safari ikaendelea.

Siku moja tawi la mti lilivunja antena ya pikapu. Redio bila antena ni sanduku tu. Philemon akamwambia Wanjala aende Kakamega mjini akachague nyingine, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, Nafula akafuatana naye.

Duka lilikuwa la fundi mmoja aliyeitwa Kemunto, mama mwembamba aliyezungumza haraka. Alizipanga antena tatu juu ya kaunta, zote za kubandikwa kwa sumaku juu ya paa la gari. Moja ilikuwa ndefu kumshinda Nafula. Ya pili ilikuwa fupi kama mwiko. Ya tatu ilikuwa ya kiasi, na kitako chake kilikuwa kipana kama sahani ya kikombe.

Wanjala aliinyakua ile ndefu. "Hii ndiyo ya wanaume," akasema huku akiipunga.

Kemunto akacheka. "Ngoja kwanza, baba. Barabara yenu iko na miti?"

"Iko. Na nyaya za stima zimelegea vibaya."

"Basi hiyo haimalizi wiki. Ile ya kwanza si ilivunjwa na tawi? Na wewe unataka kulipelekea tawi fimbo ndefu zaidi?"

Wanjala akairudisha taratibu, akaigusa ile fupi. Kemunto akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya mtu anayeitana na jirani. Wewe unaniambia trekta linakuachanga mpaka ng'ambo ya mto. Fimbo fupi hivyo haitafikisha sauti huko. Chukua hii ya kati. Si nzuri sana kwa macho, lakini ukiangalia kitako chake utanishukuru."

Walitoka nje kuijaribu. Kemunto aliibandika ile fupi juu ya paa la kabini, na Wanjala akaing'oa kwa vidole viwili tu. Kisha akabandika ile ya kati. Ikadaka bati kwa kishindo kidogo, tak, na Wanjala alipoivuta ilikataa kabisa mpaka alipoiinamisha upande. Baadaye Kemunto aliisogeza karibu na mlango wa dereva, nayo ikateleza kama iliyopakwa mafuta.

"Hapa mliwahi kugonga," akasema. "Hapana bati. Ni fila tu, ile lipu ya fundi wa bodi, imefunikwa na rangi, na sumaku haidanganywi na rangi. Mtaiweka katikati, kila siku katikati." Akaunganisha kipimo chake kidogo kwenye waya, akarekebisha urefu wa fimbo kidogo kidogo, akaridhika.

Wanjala alipoingia dukani kulipa, alimgusa Nafula begani. "Baki na fundi, usikize maagizo yote. Kichwa changu ni gunia lililotoboka, wewe ndiwe utakayenikumbusha."

"Sawa, baba."

Kemunto alianza kumweleza. Lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama aliyetandaza nyuzi za kufumia, na kati yazo kulikuwa na uzi wa samawati ambao Nafula hakuwahi kuuona Matete. Macho yake yalivuka barabara, na masikio yakafuata. Alisikia neno "safi," akasikia neno "waya," na katikati ya hayo hakusikia kitu. Alikuwa akiwaza jinsi maua ya samawati yangependeza juu ya kitambaa cheupe.

"Umeshika yote?" Kemunto akauliza.

"Nimeshika," akajibu Nafula.

Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Mtu mzima akiuliza kama umeshika, jibu la adabu huwa ni hilo, na Nafula alilisema bila kufikiri. Wanjala alipotoka, alimnunulia ule uzi wa samawati kwa kuwa alikuwa ametulia.

Siku chache baadaye Wanjala aliosha pikapu. Philemon alikuwa ameipaka rangi mpya na aliipenda rangi hiyo kuliko baadhi ya jamaa zake. Wanjala aliing'oa antena, akapanguza paa, kisha akamwita Nafula apande airudishe, kwa kuwa yeye mgongo ulimuuma.

"Yule fundi alisema nini kuhusu kuirudisha?" akauliza.

Nafula angeweza kusema, "Baba, sikusikia." Baba yake angemkaripia, angempigia Kemunto simu, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliuona uso wa baba ukimwangalia kwa imani, naye akaona haya.

"Alisema paa liwe safi," akajibu.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Alipopanda, aliona sumaku imeacha duara la mikwaruzo kwenye rangi mpya. Alimhurumia baba yake, maana Philemon angeiona na kupiga kelele. Ndipo akakumbuka kitambaa alichokimaliza usiku uliopita, cheupe, kizito, chenye maua ya samawati. Alishuka akakichukua, akakikunja mara mbili ili kisionekane ukiwa chini, akakiweka katikati ya paa, kisha akaweka antena juu yake. Haikulia tak. Ilitulia tu kimya, na Nafula akaona imetulia vizuri. Aliposhuka alikuwa akitabasamu, kama mtu aliyemvisha mtoto sweta.

"Umeiweka vizuri?" Wanjala akauliza.

"Vizuri kabisa, baba."

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na masomo, na Wanjala alimruhusu Nafula aandamane naye shambani. Trekta liliendeshwa na Osiako, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini, baba yake Beverlyne ambaye alisoma darasa moja na Nafula. Kabla ya kuondoka walijaribu redio pale pale, magari yakiwa yamekaribiana.

"Mulembe, Wanjala! Unanipata?"

"Nakupata kama uko kwenye goti langu," Wanjala akajibu. Wote wakacheka, trekta likaondoka, na pikapu ikafuata.

Barabara ilikuwa na makorongo. Karibu na mto, gurudumu liliingia shimoni na pikapu ikaruka. Nafula alisikia kitu kikigonga nyuma, lakini nyuma kulikuwa na majembe na kamba na gurudumu la akiba, na vitu hivyo havikuacha kugongana tangu asubuhi. Hawakugeuka.

Mbele kidogo walikuta miwa iliyoanguka kutoka kwenye trela imeziba njia. Wanjala alishuka kuiondoa, na trekta likaenda zake, likavuka daraja, likaanza kupanda mlima wa ng'ambo polepole. Wanjala alipoinua kichwa kufuta jasho, aliwaona. Watoto walikuwa wakikimbia kutoka vichakani kama kawaida yao. Mmoja alikuwa ameshashika trela ya nyuma, miguu yake ikielea karibu na magurudumu.

Aliruka ndani ya pikapu na kushika redio. "Osiako, simama! Mtoto nyuma! Simama!"

Trekta halikusimama.

"Osiako! Osiako, unanipata? Simama!"

Redio ilikoroma tu. Wanjala alipiga honi bila kuiachia. Ng'ambo, trekta lilifika mahali ambapo mlima hulegea, nalo likaongeza mwendo. Yule mtoto aliyening'inia alivutwa, akapoteza mshiko, akaanguka. Nafula aliona gurudumu likipita. Hakusikia kilio, kwa sababu walikuwa mbali mno.

Walipofika watu walikuwa wameshajaa. Aliyelala barabarani alikuwa Griffin, aliyekaa dawati moja na Nafula, yule aliyeazima rula yake kila siku na kusahau kuirudisha. Mguu wake wa kulia ulikuwa umesagika. Hakuwa akilia. Alikuwa akiuliza muwa wake uko wapi, na swali hilo lilimwogopesha Nafula kuliko damu.

"Nafula! Panda nyuma, tengeneza nafasi alale!" Wanjala alipaza sauti.

Nafula alipanda. Alisukuma majembe, akavuta kamba, na hapo chini, kando ya gurudumu la akiba, akaiona antena. Ilikuwa imelala chali ndani ya bodi ya nyuma, waya wake umejikunja, na kitambaa chenye maua ya samawati kimenasa kwenye kitako.

Alielewa yote kwa mara moja. Redio haikuwa imefika kwa sababu antena haikuwa juu, na haikuwa juu kwa sababu yake yeye. Aliangalia huku na huku. Kila mtu alikuwa amemwinamia Griffin. Nafula alichomoa kitambaa, akakisukumia ndani ya sweta yake, akanyoosha mkono na kuirudisha antena juu ya kabini. Tak. Ikadaka.

"Nani yuko na kitambaa? Tumfunge mguu!" mtu mmoja aliita. "Kitambaa chochote!"

Nafula alikibana kifuani kwa mkono. Wanjala alivua shati lake mwenyewe, akalichana, wakamfunga Griffin, wakamkimbiza hospitali.

Madaktari waliokoa maisha yake. Mguu hawakuweza. Waliukata chini ya goti, na habari hiyo ilifika Matete kabla ya jua kutua.

Kesho yake Philemon alifika nyumbani kwa kina Nafula kuikagua pikapu. Alipanda akaitikisa antena, ikakataa kutikisika. Alibonyeza redio, akamwita mtu aliyekuwa kwenye trekta mbali na hapo, na jibu likaja wazi. Akaitua redio polepole.

"Redio ni nzima," akasema. "Basi Osiako alikuwa ameifunga asikilize nyimbo zake, au alisikia akapuuza. Wewe uliita?"

"Niliita mpaka koo likakauka," akasema Wanjala. Hakuwa akidanganya. Alikuwa akisema alichokijua.

Osiako alikuwa ameshachukuliwa na polisi. Alisema, na akarudia, kwamba redio ilikuwa wazi na hakusikia hata neno moja. Hakuna aliyemwamini, maana antena ilikuwa juu ya paa na kila mtu aliiona. Vijana wengine walitaka kulichoma trekta. Mwingine alirusha jiwe kwenye paa la nyumba yake.

Shuleni, Beverlyne alikaa peke yake. Mtu alikuwa amemwandikia mezani kwa chaki, "Baba yako ni mkata miguu." Beverlyne alifuta kwa kiganja mpaka kiganja kikawa cheupe, kisha akakaa na kuangalia ubao. Nafula alikuwa nyuma yake. Kila alipoiona ile shingo imenyooka hivyo, aliinamia daftari lake. Nyumbani hakuweza kula. Mama alimwekea obusuma, ule ugali wa kwao, na mboga, akazigeuza tu sahanini, na Roda akadhani anamwombolezea rafiki yake. Kitambaa alikuwa amekificha chini ya godoro. Alikilalia kila usiku, na ni kweli kwamba hakukisahau hata alipokuwa usingizini.

Alitumaini mambo yangepoa yenyewe. Hayakupoa. Siku moja alikwenda na mama yake kumwona Griffin hospitalini. Alikuwa amelala amefunikwa, na shuka lilikuwa limelala bapa mahali ambapo mguu ulipaswa kuwa.

"Wanasema Baba Beverlyne atafungwa," Griffin alisema mama zao walipotoka kuzungumza. "Mama anafurahi. Mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Yeye husimamanga. Kila siku babako akimwita, yeye husimama. Sisi tulijua hivyo. Ndiyo maana hatukuogopanga." Akalivuta shuka. "Siku hiyo ningeachilia mapema. Niliona pikapu ng'ambo, nikajua babako ataita na trekta litasimama. Nikangoja lisimame."

Nafula alisimama, akatoka nje, akatapika kando ya ukuta.

Jioni ya siku hiyo Wanjala alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe. Kesho yake alitakiwa kituoni kuandikisha maelezo yake: kwamba redio ilikuwa nzima, kwamba aliita, kwamba Osiako hakutii. Nafula aliliangalia shati hilo. Baba yake angekwenda kuapa kwa moyo safi, na maneno yake yangemfunga mtu asiye na hatia. Aliingia chumbani, akainua godoro, akatoka na kitambaa mkononi. Kilikuwa na doa jeusi la grisi, la mviringo, lenye upana sawasawa na kitako cha antena.

"Baba," akasema, "usiende kusema hivyo."

Alieleza yote, tangu uzi wa samawati hadi sweta. Alieleza huku akilia, na sehemu nyingine baba yake alilazimika kumwambia arudie. Roda alishika mdomo. Wanjala alizima pasi. Alikitwaa kitambaa, akakigeuza huku na huku, na Nafula aliomba moyoni apigwe, maana kipigo kingekuwa na mwisho.

"Mtu alipoitisha kitambaa cha kumfunga yule mtoto," hatimaye Wanjala akauliza, "hiki kilikuwa ndani ya sweta yako?"

"Ndiyo, baba."

Wanjala alifunika uso kwa mikono. Nafula hakuwahi kumwona baba yake akilia, na sasa alimwona.

Asubuhi walikwenda kituoni wote watatu. Nafula alirudia maneno yake mbele ya afisa, na mbele ya Philemon aliyekuwa ameitwa. Afisa hakuridhika na maneno matupu. Kemunto akapigiwa simu, akaja kutoka mjini. Wakachukua trekta, Osiako akaletwa akaketi ndani yake pamoja na afisa, wakaenda kungoja ng'ambo ya mto mahali pale pale, wawashe taa wakisikia wanaitwa. Wanjala aliweka kitambaa kilichokunjwa juu ya paa, akaweka antena juu yake, akaendesha. Philemon na Kemunto waliketi naye, Nafula akiwa amebanwa katikati.

Kwenye lile shimo, pikapu iliruka. Kitu kikagonga nyuma.

"Sasa ita," Kemunto akasema.

"Osiako, unanipata? Osiako, simama!" Wanjala aliita na kuita. Redio ilikoroma. Ng'ambo, trekta lilikaa kimya, halikuwasha hata taa.

Walishuka, wakaikuta antena imelala ndani ya bodi. Kemunto aliinua fimbo akawaonyesha. "Ikianguka humu, sauti inamezwa na kuta za bodi. Atakayekusikia ni aliye jirani tu. Na sumaku hii inataka bati tupu. Ukiweka kitambaa katikati, hata kiwe kizuri namna gani, haishiki." Akamgeukia Nafula. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Hilo nilikuambia, mama. Nilikuambia mara mbili."

Nafula alilia sana hata maagizo mengine ambayo Kemunto alimpa baba yake hakuyasikia yote.

Osiako aliachiliwa siku hiyo. Philemon alimwomba msamaha mbele ya watu na kumrudishia ufunguo wa trekta, na wazee wa kanisa walipita nyumba hadi nyumba kueleza ukweli. Mama yake Griffin aliposikia, alimwangalia Nafula tu, kisha akafunga mlango. Mlango huo haukufunguliwa kwa muda mrefu, na Nafula hakuwa na haki ya kuugonga. Griffin alirudi shuleni muhula uliofuata, kwa magongo.

Lakini siku ile ile, waliporudi kituoni baada ya jaribio, Wanjala alimpeleka Nafula kwa Osiako. Alikuwa ameketi kwenye benchi uani akifunga kamba za viatu vyake, maana alivuliwa alipowekwa ndani.

"Baba Beverlyne, nisamehe," Nafula akasema akiwa ameinamisha kichwa.

Osiako alimaliza kufunga kiatu cha kwanza, kisha cha pili. "Inua kichwa, mayi, mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Nitakusamehe, lakini kwanza ujue nakusamehe kwa lipi. Kile kitambaa si kitu. Ulitaka kulinda rangi ya gari. Hata mimi nimewahi kuangusha trekta zima mtaroni, na sikufungwa. Watu hukosea. Kosa lako lilikuwa limelala pale nyuma ya gari, kila mtu angeliona. Wewe ukaliokota, ukaliweka juu yangu. Hapo ndipo uliponitupa humu ndani. Binti yangu amefuta matusi mezani kwa mkono wake kwa ajili ya kitu ulichokificha wewe."



"Na jambo lenyewe lilianza padogo," Osiako akaendelea. "Uliulizwa kama umeshika, ukasema umeshika. Kama ungesema, 'Sikusikia, niambie tena,' yule mama angekuambia tena, na Griffin leo angekuwa na miguu miwili. Usione haya kusema hujui. Hiyo haya hupita jioni. Hii nyingine mtakaa nayo wewe na Griffin mpaka mzeeke." Alisimama, akaweka mkono wake mkubwa juu ya kichwa cha Nafula. "Nimekusamehe. Beverlyne utamwomba mwenyewe."

Walirudi kwenye pikapu. Kemunto alikuwa ameshaondoka. Antena ilikuwa juu ya kiti, na Wanjala aliichukua akamkabidhi Nafula. Nafula alishangaa, maana alidhani hataruhusiwa kuigusa tena maishani.

"Irudishe," baba yake akasema.

Alipanda. Alipanguza paa kwa kiganja, akahakikisha hapana vumbi, akaishusha sumaku katikati, juu ya bati tupu. Tak. Aliivuta, ikakataa.

"Haya, fundi alisema nini?"

"Paa liwe safi. Katikati, si kwenye fila. Kisiwekwe kitu chochote chini yake. Tuivute kabla ya kila safari, tuone kama imeshika."

"Kuna kingine?"

Nafula alimwona baba yake akimwangalia kutoka chini, kama alivyomwangalia siku ile ya kuosha gari. Haya ilimpanda usoni tena, ile ile.

"Kipo," akasema. "Alisema jambo kuhusu waya, pale unapopita mlangoni. Nilikuwa nalia. Sikulisikia, baba."

Wanjala akatoa simu mfukoni.

"Basi shuka," akasema, "umpigie, umuulize mwenyewe."